Manispaa kuwa jiji: hatua ni zipi, na nini hasa hubadilika?

Mkaazi_Mjini: Wadau, bodi ya manispaa yetu inataka kuomba hadhi ya jiji. Sokoni watu wanasema meya atarudi na ushuru wote utabaki mjini. Sheria inataka nini, na ombi hukwama wapi?

Mpangamiji: Hapa Kenya sheria ni ile ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011. Awali jiji lilitakiwa kuwa na watu 500,000. Marekebisho ya 2019 yakashusha hadi 250,000. Eldoret iliponea hapo, kwani sensa ya 2019 iliipa takriban 475,000. Hesabuni watu walio ndani ya mipaka ya manispaa, si kaunti ndogo nzima.

Idadi ndiyo rahisi. Kazi iko kwenye mpango jumuishi wa mji, rekodi safi za fedha, uwezo wa kukusanya mapato, taa, masoko, zimamoto na utupaji taka unaofanya kazi. Jaa likifurika, msijisumbue kwanza.

Bodi ikipitisha azimio, ombi huenda kwa kamati tendaji ya kaunti. Ikikubali, gavana huunda kamati ya muda ya wataalamu wanaopendekezwa na vyama vyao (wapima ardhi, wapangaji miji, wasanifu majengo, mawakili, wahasibu) pamoja na mwakilishi wa wafanyabiashara. Kisha ombi hupita bunge la kaunti na Seneti, na mwisho Rais hutoa hati ya kuwa jiji. Nakuru ilipewa tarehe 1 Desemba 2021, Eldoret 15 Agosti 2024.

Karani_Kaunti: Meya harudi. Jiji huendeshwa kwa niaba ya kaunti na bodi ya wajumbe wasiozidi 11, pamoja na meneja. Wajumbe hawapigiwi kura na wananchi: baadhi huteuliwa kwa ushindani, wengine hupendekezwa na vyama vya wataalamu, sekta binafsi, jua kali (sekta isiyo rasmi) na vyama vya wakaazi. Na msijilinganishe na Nairobi, ambayo ni kaunti na jiji kwa pamoja.

Kuhusu pesa, Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka mapato ya kaunti yaingie Hazina ya Mapato ya Kaunti. Ada ya maegesho mnayolipa mjini huenda huko, kisha jiji husubiri mgao wa bajeti. Hati peke yake haileti hata lori moja la taka. Daini mapema mambo matatu kwa maandishi: majukumu yanayokabidhiwa bodi, fungu lake katika bajeti, na wafanyakazi watakaohamishiwa kwake. Makadirio hufika bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili. Hati ikija Agosti bila fungu, bodi itakaa bila pesa mpaka bajeti ya ziada au Julai inayofuata.

Mkaazi_Mjini: Nimeelewa, asante. Na ushuru wa ardhi utapanda?

Mpangamiji: Si kwa sababu ya hati. Hupanda kaunti ikibadilisha orodha ya uthamini au kiwango kinachotozwa. Orodha mpya ikitangazwa, kagueni thamani ya ploti zenu na muwasilishe pingamizi kabla ya muda uliotajwa kwenye tangazo kuisha. Wengi hushtuka bili ikishafika, na wakati huo ni kuchelewa.