Kompyuta niliyoiunda mwenyewe haiwaki, feni inashtuka tu kisha kimya

Baba wa Kondele:
Wadau, habari zenu. Niko Kisumu. Kwa miezi saba nimenunua vipuri kimoja kimoja ili binti yangu aingie chuo na kompyuta ya kuchorea ramani za majengo. Jana usiku nimemaliza kuiunda. Nikibonyeza swichi, feni ya prosesa inazunguka nusu duara, inasimama. Nikibonyeza tena hakuna kitu, mpaka nichomoe waya ukutani nisubiri kidogo. Taa ya kijani kwenye madabodi, ile bodi kuu, inawaka. Juzi radi ilipiga na stima ikapotea mara mbili, ila vipuri vilikuwa bado kwenye maboksi. Mtoto kila saa anachungulia mlangoni. Nianzie wapi?

Fundi Nyalenda:
Pole, mzee. Taa hiyo inaonyesha zile volti 5 za kusubiri, za wakati mashine imezimwa, zinafika. Haimaanishi pawasaplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, ni nzima. Waya mnene wa pini 24 umeingia mpaka klipu ikashika? Na ule wa prosesa, wa pini 8? Huo husahaulika sana.

Baba wa Kondele:
Yote imeshika, nimeivuta kwa mkono.

Nyakisumu:
Basi usikimbilie kununua pawasaplai nyingine, baba. Na usiifungue, kapasita zake, vile vipuri vinavyohifadhi umeme, hukaa na chaji hata ikiwa imechomolewa. Feni kushtuka na kuzima namna hiyo, mara nyingi ni pawasaplai inajikinga na shoti. Chomoa ukutani, toa madabodi kwenye kasha, ilaze juu ya katoni yake. Usiilaze juu ya ule mfuko wa kung'aa, kwa nje unaweza kupitisha umeme. Bakisha prosesa, feni yake na ramu moja, yaani kijiti kimoja cha kumbukumbu. Kisha rudisha umeme, ugusanishe pini mbili za swichi kwenye madabodi kwa ncha ya bisibisi.

Baba wa Kondele:
IMEWAKA juu ya katoni!

Nyakisumu:
Sasa angalia vinguzo vya skrubu ndani ya kasha, vile vinavyoinua madabodi.

Baba wa Kondele:
Kimoja hakikuwa na tundu la madabodi juu yake. Kilikuwa kinagusa solda mgongoni mwa madabodi, kimeacha mkwaruzo mdogo kama punje ya mtama. Nimekitoa kwa koleo, nikarudisha kila kitu. Binti ndiye amebonyeza swichi. Asanteni sana, kwa kweli.

Fundi Nyalenda:
Hongera. Angalia kama ramu ya pili nayo inasomeka. Na mawingu yakianza kukusanyika ziwani, chomoa.