Kuhamia kilimo hai cha mboga Dodoma: mkopo wa halmashauri, kikundi cha Kilimohai au VICOBA?

Mama Figiri
Wakuu, habari za jioni. Nalima mboga hapa Dodoma: mchicha, chainizi, figiri kidogo. Nimechoka na urea na dawa za dukani, nataka kuhamia kilimo hai. Msaada nauona sehemu tatu. Mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, maana tuna kikundi cha akina mama. Kuna mradi unakusanya wakulima wakaguane wenyewe, mkifuzu mnauza kwa alama ya Kilimohai. Au nikope VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nihangaike mwenyewe. Watu wa mradi wanataka jibu Ijumaa. Nishike lipi?

Fundi Bomba
Hujasema eneo lina ukubwa gani, maji unatoa wapi, unamuuzia nani. Tukushauri kwa ramli?

Kirikuu
Na shamba ni lako au kiwanja cha mtu?

Babu Mwarobaini
Mradi. Kuita kampuni ije ikague ni hela ndefu, mwenye matuta machache hawezi. Huu wa kukaguana unafuata kiwango kilekile cha kilimo hai cha Afrika Mashariki cha 2007, na kwa kuuza hapahapa nchini unatosha. Halafu unapata elimu. Mimi nilikwenda mafunzo ya SAT, shirika la kilimo endelevu, kule Vianzi, Morogoro, nikarudi najua kupika mboji. Mwarobaini, pilipili kichaa na sabuni ya kipande, vidukari utavisahau.

Sungura Mweupe
Babu na mwarobaini wake! Mkojo wa sungura ndio mpango, unafukuza wadudu na ni mbolea.

Kirikuu
Mkojo huo haujawahi kumaliza kantangaze, yule mdudu wa nyanya.

Sungura Mweupe
Mwenzio kasema analima mchicha. Kantangaze ya nyanya imeingiaje hapa?

Mama Figiri
Samahani, nilikuwa Majengo sokoni. Ni matuta 34, Ipagala. Kiwanja ni cha mtu yuko Dar, tulielewana kwa mdomo. Maji ya bomba, yakikatika nanunua boza. Nawauzia jumla akina mama wa sokoni.

Kirikuu
Nilijua tu.

Mjukuu wa Chilonwa
Dada, kaa chini nikusimulie. Mimi nilikuwa na kiwanja cha kuazima Nkuhungu, nikaingia mradi wa aina hiyo, jina nalimeza. Urea tukaacha siku moja. Mchicha uliokuwa unang'olewa wiki ya tatu ukafika wiki ya tano umesimama vilevile, njano kama una homa. Wateja wakahamia kwa jirani. Samadi tuliletewa lori zima, mbichi, bado inatoa moshi. Iliunguza miche, halafu yakaota magugu ambayo sijawahi kuyaona Dodoma hii. Nikavumilia. Mwezi wa nane hivi udongo ukaanza kubadilika, ukimwagilia asubuhi mpaka kesho bado una unyevu, ukichimba unakuta minyoo. Nikasema sasa nakula. Wiki mbili baadaye nafika asubuhi, lori linamwaga mawe juu ya matuta. Mwenye kiwanja kapata hela ya msingi. Ule udongo wangu msimamizi wake aliuzoa kwa toroli, eti unafaa kwa maua ya bosi.

Babu Mwarobaini
Pole sana. Ila samadi mbichi ni kosa lenu, ilitakiwa ilale miezi.

Mjukuu wa Chilonwa
Babu, tulikuwa wageni. Walioleta ndio waliotakiwa kusema.

Afisa Mstaafu
Turudi kwenye mkopo. Ulisimama 2023, ukarudi 2024. Wanawake asilimia 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2, hauna riba. Mzuri kwa tangi na bomba za matone. Lakini marejesho hayangoji udongo upone, na mwaka wa kwanza mavuno yanashuka. Mmoja akikwama, kikundi kizima kinamlipia. VICOBA ni hivyohivyo, tena kuna riba.

Fundi Bomba
Si aanze na matuta 10, mengine yaendelee na urea yamlishe?

Babu Mwarobaini
Wakaguzi hawataki. Maji yanatiririka toka tuta hadi tuta, na mboga ni ileile, nani atajua lipi ni lipi?

Kirikuu
Mnabishania alama, Majengo nani anaisoma? Mimi ndiye nabeba mboga. Fungu ni fungu, hata lililomwagiliwa majitaka linauzwa bei moja na la bomba.

Sungura Mweupe
Usituharibie chakula cha jioni.

Afisa Mstaafu
Wapo wanaotaka mboga safi, watu wa ofisini. Ni kuwafuata kwa oda, si kuwasubiri sokoni.

Mama Figiri
Asanteni. Nimempigia mwenye kiwanja aniandikie hata karatasi ya miaka miwili. Kasema "tutaongea", sasa hapokei simu. Na nikiwaambia watu wa mradi ukweli kuhusu kiwanja, si wataniacha?

Kirikuu
Waambie. Na mwenyewe katazame kama kuna tofali zimeshushwa.

Fundi Bomba
Babu, samadi ya mbuzi iliyoiva unaipata wapi? Huku Nzuguni wanauza mchanga mtupu.

Babu Mwarobaini
Chamwino, kwa wafugaji. Nenda na viroba vyako.

Mama Figiri
Sungura Mweupe, jike mmoja unauzaje?