Uliwahi kuimba kwa sauti isiyo yako? Tupeane uzoefu

Kinanda_Bombo
Jana niko kwenye teksi natoka Wandegeya kurudi Bombo, dereva akaweka wimbo wa kijana wa huku kwetu. Anaimba patwa ya Jamaika utadhani kazaliwa Kingston. Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana na mimi niliwahi kurekodi hivyo hivyo, na mama akaniuliza huyo mgonjwa ni nani. Wanamuziki wenzangu, lini mlijiona bandia?

Nyuzi_Saba
Umetonesha kidonda. Mimi ni Mualur wa Nebbi, nimekua na adungu, kile kinubi chetu cha nyuzi, mapajani. Nilipofika Kampala produsa mmoja aliisikiliza nusu dakika, akasema hiyo kawapigie watalii hotelini. Akanipa biti, sauti akaipitisha kwenye mashine mpaka nikasikika kama mtu aliyemeza filimbi. Wimbo ukapigwa redioni kidogo, nikaitwa shoo Kabalagala, Desemba, watu wamejaa. Mnajua mambo yetu: flashi ndiyo inayoimba, wewe unachezesha mdomo. Ubeti wa pili flashi ikagoma. Kimya. Mkono uko juu, mdomo wazi, na maiki, banange, inafanya kazi. Nikakohoa. Kikohozi kikatoka kwenye spika zote. Mtu wa nyuma akapiga kelele, "Hicho ndicho chako!" Hata dijei alicheka. Nikajaribu kuendelea na ile patwa bila mashine, ikatoka sauti ya mtoto wa kwaya. Chupa ya kwanza ilikuwa na maji. Ya pili hayakuwa maji. Promota hakunilipa hata ya usafiri. Nimepanda boda, tumefika katikati jamaa anageuka: "Si wewe yule wa kikohozi?"
Adungu ilikaa juu ya kabati miaka miwili. Ilikuwa na nyuzi tisa, mbili wakala panya. Jina langu hapa mmeliona.

Besi_Busia
Hapo kwenye maiki nimetoka jasho. Pole kaka.

Musoga_Halisi
Mnalalamikia patwa, na hicho Kiswahili mnachoandika ni cha wapi? Ni cha kambi za jeshi. Mnataka kuwa halisi, imbeni Lusoga.

Kinanda_Bombo
We bwana, bibi yangu alinibembeleza kwa lugha ya Kinubi akanigombeza kwa Kiswahili, kwa hiyo nimeazima kwa nani? Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu 2005. Na mwanamuziki wetu Chameleone alipoimba Kiswahili mbona ulicheza?

Musoga_Halisi
Yule alipitia studio za Nairobi. Na sikucheza, nilitikisa kichwa tu.

Nyuzi_Saba
Na Geoffrey Oryema, yule mwanamuziki Mwacholi, je? 1977 alitoroshwa nchini ndani ya buti la gari, akaenda kuishi Ufaransa, 1990 akatoa albamu na Kiacholi chake kimo. Mimi kutoka Nebbi mpaka Kabalagala tu ulimi ukapotea njiani.

Dada_wa_Rumba
Ngojeni niwape yangu. Naimba hotelini Jinja kila Ijumaa. Kuna rumba moja ya Kilingala niliyoishika kwa sikio, maneno nimeyaandika kwenye daftari kama ninavyoyasikia, maana sijui hata neno moja. Mzee mmoja Mkongo akalia machozi. Nikasema leo nimeweza! Akaja, akanitia elfu hamsini mkononi: "Mke wangu, Mungu amrehemu, aliupenda huu. Lakini binti yangu, unasema nini mle ndani? Hicho si Kilingala, si kitu." Nikatamani ardhi inimeze. Akaniandikia maneno sahihi kwenye karatasi ya kufutia mikono. Ijumaa iliyofuata nikayaimba yote, neno kwa neno. Hakulia. Alikula samaki wake akaenda.

Besi_Busia
ALIKULA SAMAKI 😂😂 Rudisha makosa yako haraka!

Kinanda_Bombo
Wiki ile ya pili ulikuwa unasoma, huimbi. Karatasi ilikuwa mkononi, sivyo?

Dada_wa_Rumba
Ilikuwa mkononi.

Musoga_Halisi
Huo ni utapeli. Elfu hamsini ulirudisha?

Mama_Kwaya_Arua
Wanangu, acheni hela ya watu. Jirekodini kwa simu, sauti tupu, msikilize asubuhi kabla ya chai. Ukivumilia mpaka mwisho, hiyo ni yako.

Besi_Busia
Mama, nilifanya hivyo nikaacha kuimba siku ile ile. Ndiyo maana napiga besi.

Rolex_na_Gitaa
Ushauri wangu: usipande jukwaani bila bendi.

Nyuzi_Saba
Bendi utailipa nini, chapati? Nunua flashi mbili.

Musoga_Halisi
Bado nasubiri habari ya elfu hamsini.

Dada_wa_Rumba
Nililipia ada ya mtoto. Na ule wimbo nimeutoa kabisa, Ijumaa hizi siupigi.

Besi_Busia
Usiutoe! Ijumaa nakuja na shangazi wa Bunia, atakaa mbele. Imba ule wa daftari.

Musoga_Halisi
Mlangoni ni shilingi ngapi?