Tupeane uzoefu: sare gani ilikufundisha ufunguzi?

Ndugu zangu wa chesi hapa Uganda, hadithi za ushindi tunazo nyingi. Leo naomba za sare. Mimi naamini sare inaonyesha ufunguzi wako ulivyo kuliko mchezo uliopoteza, maana hakuna kosa kubwa la kulilaumu. Ukitafuta kwa nini hukupata kitu, utarudi mpaka hatua za kwanza.

Naanza. Mashindano ya wikendi Kampala, nina nyeupe, mwenzangu kacheza ufunguzi uitwao Mfaransa: 1.e4 e6 2.d4 d5. Tukabadilishana askari, 3.exd5 exd5, ngome zikamalizana kwenye mstari wa e, tukapeana mikono. Nyumbani nikaurudia ubaoni, karatasi ya hatua pembeni. Tabu ya mweusi katika Mfaransa ni askofu wake wa c8, kafungiwa na askari wa e6. Kule kula d5 ndiko kunakomfungulia mlango! Tangu siku hiyo nacheza 3.e5.

Kinachofuata nacho kina utamu wake (N ni farasi, B askofu, Q malkia): 3...c5 4.c3 Nc6 5.Nf3 Qb6, wote wanailenga d4. Weka 6.Bd3, halafu 6...cxd4 7.cxd4. Mweusi mwenye tamaa atakula d4 kwa farasi; unamla, malkia wake analipiza, kisha 9.Bb5+. Mfalme katishwa, na malkia wake yuko wazi mbele ya wako. Anayejua hutanguliza 7...Bd7 kuziba njia hiyo, na hapo d4 iko hatarini kweli.

Haya, nani anafuata?

Farasi wa Arua: Kaka, mimi yangu nilikuwa mweusi, na mpinzani alinizidi pointi nyingi. Nikaingia ufunguzi wa Berlin, ule ambao malkia wanatoka hatua ya 8. Kramnik aliutumia dhidi ya Kasparov kwenye mechi ya ubingwa wa dunia, London, mwaka 2000, na katika michezo 15 Kasparov hakushinda hata mmoja. Kuuchambua ndiko kulikonionyesha mantiki yake: wakibaki askari watupu, kwa kawaida mweupe anashinda, kwa hiyo kinga ya mweusi ni maaskofu wake wawili. Sasa kabla ya kubadilisha askofu nafikiri sana.

Mama Chesi, Mbale: Nafundisha watoto. Wakitoka mezani wanakimbilia Stockfish, programu ya kuchambua chesi, wanaona 0.00, yaani pande ziko sawa, wanafunga simu. Nawaambia: kalamu kwanza! Kanuni zinaruhusu kuandika muda uliobaki pembeni ya hatua, nasi tunaandika. Msichana wangu mmoja alitumia dakika nyingi kwenye hatua ya 7, na kumbe ndipo alichokariri kilipoishia. Tulianzia hapohapo. Baadaye ndipo tulipofungua Lichess, tovuti ya chesi ambayo ni bure, kuona wengine walicheza nini kwenye hali ileile.

Askari wa Tororo: Mwalimu, shikamoo. Na sare ya kupatana mapema, kete zimejaa ubaoni, ina faida gani?

Mama Chesi, Mbale: Marahaba mwanangu. Hiyo ndiyo naipenda zaidi. Pangeni kete pale mlipopeana mikono, mmalizie na rafiki yako, kisha mbadilishane rangi mcheze tena. Kama hujui mpango wa upande wowote, huo ufunguzi hujaumaliza kuusoma.

Farasi wa Arua: Mwanzisha mada, kabla hujauacha ule wa kubadilishana, jaribu 4.c4. Utabaki na askari mpweke wa d4, asiye na askari mwenzake pembeni, lakini usingizi hautakushika.