MREJESHO: Niliyeshindwa kuomba baada ya kufiwa na mume

Shalom wapendwa. Mwezi wa pili niliandika hapa kwamba tangu nimzike mume wangu, nikipiga magoti maneno hayatoki, na kanisani nimeacha kwenda. Asanteni sana wote mlionijibu.

Dada aliyeniambia nisome Zaburi ya 13 kwa sauti, Mungu akubariki. Sikujua Biblia inaruhusu mtu kumuuliza Bwana "hata lini?" Niliisoma jikoni alfajiri, uji ukiwa motoni, hadi ukashika chini ya sufuria. Nililia kwelikweli, na kilio kile ndicho kikawa ombi langu la kwanza baada ya miezi minne. Ya 88 nayo nimeisoma. Inaishia gizani kabisa, lakini ilinifariji kwa sababu aliyeiandika alikuwa bado anaongea na Mungu.

Kufunga siku tatu mlikonishauri kulinishinda. Siku ya pili nilipata kizunguzungu nikaacha, maana nilikuwa sili vizuri tangu msiba. Ambaye amefiwa karibuni, naomba asianzie hapo.

Jumuiya nimerudi. Kina mama walikuja kusali kwangu Jumamosi, wakabaki kunisaidia kupukuchua mahindi. Kwaya bado, nikifika kwenye wimbo tuliomzikia sauti inakatika. Usingizi haukurudi kwa maombi peke yake, nilikwenda hospitali kama kaka mmoja alivyoshauri, na sasa nalala.

Jumapili iliyopita nilishiriki Meza ya Bwana, na wanangu wawili walikuwa pembeni yangu.