Mjadala: kila kifaa kuwa na anwani yake ya intaneti, tukubali au tukatae?

Wadau wa Kigoma, kuna hoja inazunguka Mwanga hadi Ujiji: eti IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, umeletwa ili kila simu na kila kamera ifuatiliwe kwa namba yake, hivyo tung'ang'anie IPv4, ule mfumo wa zamani. Mimi nabisha.

IPv4 ina anwani kama bilioni 4.3 tu, na akiba kuu ya dunia ilikwisha Februari 2011. Ndiyo maana kampuni za simu huwabananisha wateja wengi kwenye anwani moja. Mnadhani huko ndiko kujificha? Tapeli akipita humo, na polisi wakaulizia anwani bila saa kamili na namba ya poti (namba inayotenganisha mawasiliano ya wanaotumia anwani moja), yanatoka majina chungu nzima. Muuza dagaa wa Kibirizi aliyekuwa anachati tu naye yumo. Na ili kuwatenganisha, kampuni inabidi itunze kumbukumbu nyingi zaidi za nani alitumia nini, saa ngapi.

Hofu yenu ina chanzo, sikatai. Zamani kifaa kiliunda anwani ya IPv6 kutokana na namba ya kiwandani, ukatambulika popote uendapo. Dawa ilianza kupatikana 2001, na simu za sasa hubadilisha anwani mara kwa mara. Halafu laini zenyewe tumezisajili kwa alama za vidole! Anayekutafuta ana njia fupi kuliko IPv6.

Mimi naogopa kamera. Mwenye duka anafungua simu, anakuonyesha kaunta, mlango, mpaka bodaboda waliopaki nje. Muulize paswedi: "admin", vilevile fundi alivyoiacha. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka vifaa vya aina hiyo kwa kujaribu orodha fupi ya paswedi za kiwandani, ikavitumia kuvuruga Twitter na Netflix kwa saa kadhaa. Ilivitafuta kwa kupekua anwani za IPv4. Za IPv6 ni nyingi mno kupekuliwa hivyo, ingawa ruta isiyo na kizuizi bado itakuacha wazi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022. Sasa mnaopinga IPv6 nijibuni: hiyo kamera ya dukani inayorekodi barabara nzima, picha zetu zinakaa wapi, kwa muda gani, na nani anazitazama?