Hoteli na apatimenti vilimani Mwanza: turuhusu au tuzuie?

Wakuu, hili tulijadili bila jazba. Sitaji mradi wala tajiri wa mtu. Viwanja vya juu, vile vinavyoliona ziwa kuanzia Capri Point hadi Isamilo, viendelee kupandishwa maghorofa au vifungwe?

Msimamo wangu: vijengwe, lakini mjenzi atuambie kwanza maji yake yanakwenda wapi. Paa la mita za mraba 600 likinyeshewa milimita 50, ni lita 30,000 zinashuka. Zamani mvua hiyo ilinywewa na nyasi na udongo ulioshikana katikati ya mawe. Sasa inaingia yote kwenye mtaro mmoja, na mtaro unaishia uani kwa mtu wa chini, kisha Mto Mirongo, kisha ziwani pamoja na tope. Kwa hiyo yawepo matangi ya kuvunia maji ya paa, mitaro ya ngazi inayopunguza kasi, na jengo lishuke kufuata mteremko badala ya kuchonga kilima kiwe uwanja. Mawe makubwa yabaki. Ukichimbua udongo chini ya jiwe la graniti, hujui jiwe la juu yake limeegemea nini. Sola juu ya paa ni nzuri, ila ndiyo sehemu rahisi. Kila mchoro siku hizi unayo.

— Mkuu, unatisha watu bure. Hospitali ya Bugando iko kilimani tangu 1971, ghorofa lile refu, imeteleza? Mwamba ni msingi kuliko udongo wa bondeni. Wageni wanataka vitanda, wafanyakazi wanataka nyumba za kupanga, na bondeni kumejaa. Mkizuia, mwekezaji anahamia mji mwingine na ajira zake.

— Bugando iko kileleni, hakuna wa juu yake wa kummwagia maji. Hapa tunazungumzia ubavuni. Na mwamba huo mnaousifia haunywi maji, choo utachimba wapi? Ndiyo maana mvua ikianza tu watu wanatapisha vyoo. Mitaa kama Igogo na Mabatini imepitishiwa mabomba membamba ya majitaka juu ya mawe, na yanasaidia, lakini ni ya kaya. Hoteli ya vyumba 80 isiyachomekee hayo. Isafishe majitaka yake yenyewe, imwagilie bustani.

— Mimi nakaa kilimani, nyumba aliyotuachia marehemu baba. Miaka yote tunaitwa wavamizi. Tajiri akipanda, palepale panaitwa mandhari. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaruhusu miteremko mikali itangazwe kuwa ardhi hatarishi. Haya, itangazwe kwetu sote au isitangazwe kwa yeyote. Hoteli yenyewe sina ugomvi nayo. Nina ugomvi na ukuta wake. Kuna kichochoro cha ngazi tunachopandishia ndoo na kushushia jeneza. Wakikizungushia, tupite wapi?

— Dada, hiyo njia ipimwe na iandikwe kwenye kibali kabla ya tofali la kwanza. Ahadi ya mdomo mbele ya mwenyekiti wa mtaa haitoshi, tunawajua.

— Fundi hapa. Mnaongelea kuta kama pambo. Ukuta wa kuzuia udongo mara nyingi unaangushwa na maji yaliyofungiwa nyuma yake. Nimeona kuta nene, nondo za kutosha, hazina hata tundu moja la kutolea maji, kisa mwenye nyumba hataki madoa kwenye rangi. Jaza kokoto nyuma, acha matundu, na yazibuliwe kila kabla ya masika.

— Fundi, atazibua nani mwaka wa 20? Hoteli ina mwenyewe. Apatimenti zinauzwa moja moja, mjenzi anachukua chake anaondoka.

Hapo mdau ndipo ninapoona tofauti kubwa, na ndiyo maana hoteli hainitishi kama apatimenti. Kwa sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo, maeneo ya pamoja ni ya wamiliki wote, na michango ya pamoja mnajua inavyokusanywa. Mimi ningetaka mjenzi aweke fedha za matengenezo ya ukuta na mitaro kabla ya kuuza apatimenti ya kwanza. Wanasheria mliomo humu: halmashauri inaweza kuliweka hilo kuwa sharti la kibali cha ujenzi, au mpaka kanuni zibadilishwe?